Nani anayekuchagulia unachokiona? TV, simu na sisi watu wa Mombasa

Mwezi wa tano 2024, ile wiki ya kimbunga Hidaya, nlikuwa nyumbani kwa mamangu Majengo. Watoto wote walikuwa ndani manake shule zilikuwa zimecheleweshwa kufunguliwa kwa ajili ya mafuriko, mvua ya masika ishatuchosha, TV imewashwa lakini sauti imepunguzwa, na simu ya khalati yangu, nduguye mamangu, ikalia mlio wa meseji. Akafungua akatazama, akanyamaza. Alafu akainuka bila kusema neno akaingia chumbani, akatoka na dhahabu zake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya nyumba, akavitia vyote kwenye mkoba akakaa nao mapajani.

Ilikuwa video kwenye grupu ya familia. Wimbi kubwa laingia hotelini, viti vyaelea, watu wapiga mayowe, na chini yake mtu ameandika "Nyali sa hii!! Tokeni karibu na bahari". Mtoto wa kakangu, ana miaka 12, akaichukua ile simu akaitazama mara mbili akasema, "Bibi, hebu tazama hiyo gari inayoelea, usukani wake uko kushoto. Hapa si kwetu." Khalati hakumwamini. Mkoba haukuteremka mapajani mpaka magharibi.

Kilichonishika mimi ni ile TV. Iko pale pale mbele yake, hata hatua tatu hazifiki, na ilikuwa yasema kweli: idara ya hali ya hewa imetoa onyo, upepo mkali na mawimbi makubwa, watu wasiingie baharini. Basi. Na Jumamosi tarehe 4 kimbunga kikapiga kisiwa cha Mafia kule Tanzania kikapoteza nguvu. Yaani habari ya kweli ilikuwa mbele ya macho yake na habari ya uongo iko mkononi, na mtu mzima mwenye akili zake, aliyelea watoto sita na kufanya biashara Marikiti miaka na miaka, akaamini ya mkononi.

Kwa nini? Swali hilo limenikaa tangu siku ile, na naona ukilijibu sawasawa utakuwa umejibu nusu ya mabishano yanayopigwa kila jioni kwa muuza kahawa, pale mmoja atasema TV ndio iliyoharibu watoto, mwengine atasema la, ni hii mitandao, wa tatu atasema vyote vililetwa kutumaliza, alafu adhana ya isha italia watu wainuke waende msikitini kila mtu na lake lile lile alilokuja nalo. Shida ni kuwa twavitia vitu vitatu tofauti kwenye kapu moja tukaviita "mitandao" ama "hii teknolojia". Hebu tuvitoe kimoja kimoja.

Tuanze na maneno. Watu wakibishana juu ya TV na mitandao wabishana juu ya ushawishi, na ushawishi maana yake si amri. TV haiwezi kukwambia nenda kamwibie jirani ukaenda. Ushawishi ni kama ile chumvi ya bahari na mabati. Wewe ukijenga nyumba karibu na pwani, hakuna siku hata moja utakayosema leo ndio chumvi imekula mabati, asubuhi yako vile vile, jioni yako vile vile, lakini baada ya miaka wapitisha kidole. Kilichofanya kazi ni kurudiarudia. Na huo ushawishi waweza kujenga pia, ntakuja huko.

Neno la pili ni intaneti. Watu wengi wakisema intaneti wamaanisha Facebook ama TikTok, lakini hivo ni sawa na kuliita daraja la Nyali matatu. Daraja lapitisha matatu, lori la mchanga, gari la maiti na msafara wa bibi harusi, lenyewe halichagui. Intaneti ni hilo daraja. WhatsApp, YouTube, benki, tovuti ya serikali, M-Pesa yako unayoitazama kwenye app, yote hayo ni magari yanayopita juu yake.

Na daraja lenyewe watu wadhani liko angani, manake waona minara na madishi. Ule mnara ulio juu ya jengo la jirani kazi yake ni kipande kifupi tu, simu yako kuongea na mnara. Safari ndefu ya ng'ambo karibu yote yapita chini ya bahari, na sisi wa Mombasa tungefaa kulijua hili kabla ya mtu yeyote Kenya, manake ni hapa kwetu inapopanda nchi kavu. Kabla ya 2009 kweli nchi ilikuwa yategemea setilaiti, bei ghali na mwendo wa kobe, wakongwe wa saibakafe wakumbuka picha moja ilivyokuwa yafunguka kipande kipande huku dakika zahesabiwa. Mwaka huo 2009 zikafika nyaya mbili, TEAMS iliyotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na SEACOM iliyozinduliwa mwezi wa saba, mwaka uliofuata ikaingia EASSy, na nyengine zimefuata. Waya wenyewe ukiwa kwenye kina kirefu si mnene kuliko mpira wa kumwagilia maua, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga. Ndio hivo tu, mwanga kwenye kioo, chini ya bahari ile ile wavuvi wetu wanayotega madema.

Ndio maana Februari 2012 meli moja iliyokuwa yasubiri kuingia bandarini ilipotia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS, na intaneti ikalemaa nchi nzima na hata nchi za jirani. Na wiki moja tu baada ya Hidaya, Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa yaburura Afrika Mashariki yote. Siku hiyo nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema serikali imezima, wengine wakasema ni kile kimbunga. Nalitaja hili manake kitu ukidhani chatoka angani utakiogopa kama jini, na ukijua ni waya wenye mwenyewe, wenye bei, wenye nanga inayoweza kuukata, utakiuliza maswali ya maana.

Na swali la maana kuliko yote ni hili: unachokiona, ni nani aliyekuchagulia? Manake hakuna anayeona kila kitu. Dunia ni kubwa na jicho ni dogo, lazima kuwe na mtu ama kitu kinachochuja. Kwenye TV anayechuja ni mhariri. Kwenye TikTok, Facebook na YouTube ni hesabu za kompyuta. Kwenye WhatsApp ni shangazi yako, ami yako, rafiki uliosoma nae. Hao watatu ni tofauti kama mchana na usiku, na kila mmoja ana njia yake ya kukuingia.

Mhariri kwanza. Televisheni Kenya ilianza 1962, na kwa miaka mingi ilikuwa ni stesheni moja ya serikali, Sauti ya Kenya, ambayo baadae ikawa KBC, mpaka 1990 ilipoanza KTN. Mtaani kwetu nyumba yenye TV ilikuwa ya kuhesabika, watoto twajaa mkekani, waliokosa nafasi wasimama dirishani, na mwenye nyumba akichoka azima twende zetu. Kesho yake kila mtu barazani azungumza jambo moja kwa sababu kila mtu ameona jambo moja. Hio ndio nguvu ya kwanza ya TV, nayo ilipimwa zamani sana: Marekani kwenye uchaguzi wa 1968 watafiti wawili, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliuliza wapiga kura wa mji wa Chapel Hill ni mambo gani wayaona makubwa, alafu wakatazama vyombo vya habari vimeyapa nafasi mambo gani, wakakuta orodha mbili zafanana sana. Taarifa ya saa moja ikifungua na bei ya unga wiki nzima, wewe utalala na bei ya unga kichwani, hata kama mtaani kwako kinachowaua watu ni maji ya chumvi kwenye bomba.

Nguvu ya pili ni ile ya chumvi na mabati. Mtafiti aitwae George Gerbner aliisoma miaka mingi, akasema watu wanaotazama TV kwa wingi huanza kuiona dunia ni mbaya na ya hatari kuliko ilivyo. Nina shemeji yangu yuko bara, kila baada ya mwezi mmoja ama miwili anipigia simu, "Huko kwenu mko salama kweli?" Mimi niko Kongowea nanunua nazi! Lakini yeye Mombasa anayoiona ni ya vijana wa mapanga Kisauni, feri ya Likoni imeleta shida, msako wa polisi usiku. Na kila habari moja katika hizo ni ya kweli, hakuna aliyemdanganya. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, wadhani madhara ya TV ni uongo tu. Mia ya kweli zilizochaguliwa upande mmoja zaweza kukupa picha isiyokuwa. Na sisi twafanya vivyo hivyo kwa watu wa Mandera na Lamu, hatujafika, tushaogopa.

Sasa uzuri wake, manake nao ni mkubwa na watu hawausemi. Mwaka 1993 Radio Tanzania, manake redio nayo ina mhariri kama TV, ilianzisha mchezo wa redio wa mfululizo uliokuwa wazungumzia uzazi wa mpango na ukimwi, na kwa makusudi kabisa eneo la Dodoma likaachwa nje miaka ya mwanzo ili ipimwe tofauti. Tofauti ikaonekana, kule ulikosikika watu wakaanza kutumia uzazi wa mpango zaidi kuliko Dodoma. India nako, Robert Jensen na Emily Oster walichapisha utafiti 2009 kuhusu vijiji vilivyoingiziwa TV ya kebo. Baada ya muda wanawake wa vijiji hivyo walipungua kusema kuwa ni sawa mume kumpiga mkewe, na walipungua kutaka watoto wa kiume tu. Hakuna aliyewapa mawaidha. Walikuwa watazama tamthilia zao tu, wakaona wanawake wa mjini wanafanya kazi, wanatoka, wanasema na waume zao, wakaona kumbe yawezekana.

Na kama wataka kuliona jambo hili kwa macho usiende India, nenda umtazame mtia hina. Yuko mama mmoja Mji wa Kale amewatia hina mabibi harusi tangu mimi sijaolewa, na zamani bibi harusi alikuwa akaa, anyoosha mikono, mama ndie anayejua maua gani yapande wapi. Sa hii msichana aja na simu, amehifadhi picha arubaini, hii ya Kisudani, hii ya Kihindi, hii ya Kikhaleeji, "nataka kama hii lakini isifike kwenye kiwiko". Nimemuona yule mama ameishika ile simu kwa mkono wa kushoto, ameivuta karibu na pua manake macho yamechoka, na piko iko mkono wa kulia inachora kitu ambacho mamake hakumfundisha. Nikamuuliza hana uchungu? Akanambia mikono yake imejifunza mengi uzeeni kuliko ujanani. Alafu akanyamaza kidogo akasema, lakini lile ua la mamangu hakuna aliyeniomba mwaka wa tatu huu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mtu akikwambia ushawishi wa TV na intaneti ni mbaya tupu ama mzuri tupu, mpeleke kwa yule mama.

Hizo picha arubaini nani amempa msichana? Hapa ndipo aingia mchujaji wa pili. Neno lake ni algorithimu, lasikika zito lakini maana yake ni utaratibu wa hesabu kompyuta inaofuata kuamua jambo. Fikiria mama wa viazi karai. Mara ya kwanza akuuliza, pilipili? Ukwaju? Mara ya kumi hakuulizi, akuona tu watokea kwenye kona ashatia ukwaju mwingi bila pilipili, manake akujua. Algorithimu ni huyo mama, ila yeye ahudumia mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na kila mmoja amwekea sahani yake. Akujua kwa kitu gani? Kwa kidole chako. Ulisimama wapi, video gani uliirudia, ipi uliipitisha haraka, nani ulimkomentia saa nane ya usiku. Hukusema neno, lakini umesema yote.

Tofauti na mama wa viazi ni mambo mawili. Mama akikuona umeshiba atakwambia mwanangu nenda nyumbani, na yeye ana watoto wa kulaza. Algorithimu haikwambii umeshiba, manake kampuni yalipwa na wenye matangazo, na kadri ukaavyo ndivyo tangazo linavyouzwa. Na la pili, mama atakutilia kinachokufurahisha, lakini hii yakutilia kinachokushika, na kinachomshika binadamu kuliko chochote ni hasira na hofu. Mwaka 2017 Facebook walianza kuhesabu vile viemoji, vya mapenzi, vya kicheko na cha hasira pia, kuwa na uzito mara 5 ya laiki ya kawaida katika kuamua posti gani ienezwe. Posti iliyokukasirisha ukaibonyeza kile kiuso chekundu, ikasukumwa kwa watu wengi zaidi. Baadae waliipunguza hasira mpaka ikawa haina uzito wowote, lakini miaka ile tayari ishapita, na chaguzi zilipigwa ndani ya miaka ile.

Ndio maana ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja, baba mmoja mama mmoja, mmoja simu yake yote ni mpira na mawaidha, mwengine ni vijana wa magenge wakipigana na wasichana wakicheza. Na kila mmoja adhani dunia ndio hiyo. Zamani TV ilitupa picha moja potofu sote, angalau twaweza kukaa barazani tukaisahihisha pamoja. Sa hii kila mtu ana yake na mwenzake haioni. Mimi hili ndilo lanitia wasiwasi kuliko picha za uchi na matusi ambayo masheikh na mapasta wayazungumza kila siku, ingawa hayo nayo yapo.

Hapa niseme juu ya ile imani kuwa simu yatusikiliza, manake kila nyumba ina hadithi yake, tulizungumza friji jana, leo matangazo ya friji. Simu wala haihitaji kukusikiliza. Ulipita duka la friji Mwembe Tayari na lokesheni iko wazi, mumeo alitafuta bei kwenye simu yake na mko kwenye waifai moja, dadako aliyekwambia habari ya friji alikuwa ashaitazama mtandaoni. Ukiyaunga hayo matatu, hata mimi ntajua wataka friji. Watu waogopa sikio, lakini nyayo zao wenyewe wazitapakaza kila mahali, na Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 inayokupa haki ya kuuliza kampuni ina nini chako, ni wachache sana wanaoitumia.

Sasa mchujaji wa tatu, na hapa ndio turudi kwa khalati. Kwenye WhatsApp hakuna mhariri, na kwenye grupu ya familia hakuna algorithimu inayokupangia nani aonekane. Tangu 2016 meseji zafungwa kwa kufuli ambayo hata wenye WhatsApp hawawezi kusoma ndani. Anayechagua ni mtu. Na ile video ya wimbi khalati hakuletewa na mtu asiyemjua, aliletewa na nduguye wa Malindi ambae hajawahi kumdanganya maisha yake yote. Yeye alimwamini nduguye, wala hakuiamini video, na nduguye alimwamini jirani, na jirani alimwamini mtoto wake aliyeko Saudia. Imani yapita mkono kwa mkono na kila mkono waongeza uzito, mpaka uongo ufika ukiwa umevaa heshima ya watu watano. Mtangazaji wa TV ana tai na lafudhi nzuri, lakini hajawahi kumletea khalati uji alipokuwa mgonjwa.

Ndio maana kumwambia mzee "hizo ni feki bana, acha kuamini kila kitu" hakusaidii, manake umemtukania nduguye.

Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari. Mwaka 2018 India watu kadhaa waliuliwa na umati kwa uvumi wa wezi wa watoto uliosambazwa kwa simu, na baada ya hapo ikawekwa mipaka ya kufowadi, 2019 dunia nzima ikawa watu ama magrupu 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 meseji iliyokwisha fowadiwa sana ikawa yaenda kwa mmoja mmoja tu. Ile mishale miwili unayoiona juu ya meseji maana yake ni hiyo, imepita mikono mingi sana. Wengi nimewauliza, wadhani maana yake ni kuwa habari imethibitishwa. Ni kinyume chake kabisa, ni alama ya kukwambia huyu aliyekutumia siye aliyeiona.

Na kuna watu wasema uongo waenezwa na kompyuta na mashine za maadui. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa habari zilizosambaa Twitter toka 2006 hadi 2017, wakakuta habari ya uongo ina nafasi asilimia 70 zaidi ya kusambazwa kuliko ya kweli, na hata walipoondoa zile akaunti za mashine matokeo yakabaki vile vile. Ni sisi. Uongo ni mpya, ni wa ajabu, una mshtuko, na mtu apenda kuwa wa kwanza kuwaokoa wenzake. Wengi wa wanaofowadi uvumi hawana nia mbaya hata kidogo, wana huruma, na huruma ndio petroli yenyewe.

Nimeulizwa sana juu ya watoto na ghasia, nijibu kwa ufupi. Mwaka 1961 Albert Bandura aliwaonesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa mpira, alafu akawaacha nae, na watoto walioona kipigo wakapiga kwa namna ile ile waliyoiona, hata maneno yake. Miaka miwili baadae akarudia kwa filamu na ikawa hivo hivo. Basi watoto huiga, hilo halina ubishi. Lakini mwanasesere si mtu, na kuiga mchezo mchana mmoja si kuwa mwizi. Vijana wa mapanga wa Kisauni na Likoni, mimi naona sinema na TikTok zawapa mtindo, wawe na jina, wapige picha, wavae vipi, watishe vipi, ila njaa, dawa za kulevya, shule iliyokatika na kukosa kazi ndivyo viliwapa sababu. Ukifunga simu zote leo panga litabaki. Na ukiwapa kazi ukaacha simu mikononi mwao, wengi wao watarekodi vichekesho, manake wapo waliofanya hivo hasa.

TV angalau ina kanuni, toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku stesheni hazitakiwi kuonesha vya watu wazima, na kuna bodi ya filamu inayopanga umri. Simu haina saa nne usiku. Kwa hivyo mzazi anayemnyima mtoto TV ya sebuleni alafu ampe simu atulie, amemtoa penye ulinzi mdogo akamtia pasipokuwa na hata huo. Bora atazame TV na wewe upo, mkitukana pamoja anayestahili kutukanwa kwenye tamthilia, hapo wewe ndio wawa mhariri.

Na usisahau kuwa vichujio hivi vyote vyaweza kufungwa kutoka juu. Januari 2018 stesheni kubwa za TV zilizimwa na serikali kwa kutaka kuonesha Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, akijiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, watu wakahamia kwenye simu. Juni 2024 vijana wakauchambua Mswada wa Fedha kwenye TikTok na X kwa lugha zetu, kifungu kwa kifungu, kazi ambayo TV ilikuwa haijaifanya kwa kina kile, mpaka mswada ukaondolewa. Intaneti hio hio iliyomtisha khalati mwezi wa tano ndio iliyomwelewesha mwezi wa sita kwamba mkate ungepanda bei kwa ushuru.

Hata lugha, ukitaka. Mamangu husema "ndoo hapa" na "pita ndia hii", sisi wanawe twasema njoo na njia kwa ajili ya shule na redio na TV, wajukuu wake wasema "kuja". Nlidhani Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kitazikwa na TV. Alafu wakaja hawa vijana wanaorekodi vichekesho vya mama wa Kimombasa, maneno ya zamani yamejaa, yakhe huku na kule, na wajukuu wamuuliza bibi yao maana ya mato (macho) na nti (nchi) kwa sababu wameyasikia kwenye simu. Mhariri wa Nairobi asingewahi kuyachagua maneno hayo.

Khalati mkoba wake aliurudisha chumbani usiku ule, na hatukumsema. Yule mtoto wa kakangu alikaa nae siku ya pili akamuonesha ile video polepole, akiisimamisha, hapa usukani, hapa kibao cha maandishi ambayo si yetu, hapa mlima nyuma ya hoteli na Nyali hakuna mlima. Khalati akatazama sana. Sasa kila akiletewa jambo la kutisha haliweki grupuni kwanza. Hulituma kwenye simu ya mamake yule mtoto, na chini yake voisi ya sekunde nne: "Baba, nitazamie hii, usukani uko upande gani?"